Siri ya Dola na Hesabu ya Mali

Siri ni amana, na mali ya watu ni amana. Amana mbili hizi zikikutana mkononi mwa mtu mmoja, mara nyingi moja humla mwenziwe: ama mwenye kuhesabu hufichua yasiyofaa kufichuliwa, ama mwenye kuficha hukataa kuhesabiwa. La kwanza ni upumbavu, na la pili ni khiyana. Basi swali lipasalo kuulizwa ni hili: mtu aliyekabidhiwa siri za dola, akiitwa mbele ya wawakilishi wa raia aombe fedha ya mwaka ujao na aeleze ya mwaka uliopita, aseme nini, na anyamazie nini?

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Katika Tanzania, Idara ya Usalama wa Taifa ilifanya kazi miaka mingi pasipo sheria yake mahsusi, hata Bunge likatunga Sheria Namba 15 ya mwaka 1996. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, yalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali. Na katika ibara ya 143 yampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kazi ya kukagua hesabu zake. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Julai, wabunge hukaa Dodoma wakipima makadirio fungu baada ya fungu. Fedha ya mwalimu, ya tabibu na ya mpelelezi hutoka katika mfuko mmoja, na mfuko huo hujazwa na muuza kanga wa Mtaa wa Kongo, na mwenye duka wa Mtaa wa Msimbazi, na hata mchukuzi anunuaye sukari robo kilo, maana kodi imo ndani ya bei.

Jina lenyewe la Kariakoo lina mafunzo. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Wapagazi wengi walikufa njiani kwa maradhi na njaa, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao. Kazi ilikuwa ya vita, ya haraka, na madaftari yalikuwa mabovu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na achukuliwe mfano ulio karibu zaidi. Wenye maduka kumi wa mtaa mmoja wachanga fedha kuajiri walinzi wa usiku. Mkubwa wa walinzi awaambia: «Saa tupitazo na vichochoro tujifichamo sitavitaja, maana mwivi naye ana masikio.» Neno hili ni la haki, na mwenye duka mwenye akili hataki kuyajua hayo. Lakini wakimuuliza, «Walinzi ni wangapi? Je, wote wamelipwa? Tochi tulizonunua ziko wapi?» naye akajibu, «Hiyo pia ni siri,» hapo wajue kuwa siri imegeuzwa pazia. Mwivi hafaidiki kitu kwa kujua kuwa mishahara imelipwa. Afaidikaye kwa ukimya ule ni yule atiaye mfukoni mshahara wa mlinzi asiyekuwapo.

Haikatazwi dola kuwa na siri. Katika vita vya Khandaq, Mtume, rehema na amani zimfikie, alimtuma Hudhayfa bin al-Yaman usiku kuingia kambi ya maadui, naye akarejea na khabari zao. Lakini Suratul-Hujurat, katika aya ya 12, yakataza watu kupelelezana. Basi upelelezi si ruhusa isiyo mpaka. Hata sheria ile ya 1996 ilipotungwa iliweka mpaka: Idara isimchunguze mtu kwa sababu tu ameshiriki katika upinzani wa halali. Na mpaka usio na mwenye kuuangalia ni mstari mchangani. Aonaye fedha imekwenda wapi, huyo ndiye aonaye kazi imekwenda wapi.

Atasema msemaji: «Mkubwa wa Idara ni mtu mwaminifu, kumuuliza ni kumtuhumu.» Jawabu lake limo katika mali ya yatima. Msimamizi wa yatima, hata akiwa mcha Mungu namna gani, ameamrishwa kushuhudiza watu siku ya kumkabidhi yatima mali yake. Mashahidi hao hawakuwekwa kwa sababu ya wezi peke yao. Huyo mwaminifu ndiye awahitajiye zaidi, kwani pasipo wao hana cha kumtofautisha na mwivi.

Atasema mwingine: «Wabunge wana midomo, leo wataambiwa, kesho itasikika sokoni.» Hofu hii ina ukweli ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Lakini dawa yake ni kuwachagua wachache, kuwaapisha, na kuwaadhibu wavunjao kiapo. Kufunga mlango kabisa si dawa. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilipohesabu watumishi wake ilikuta watumishi hewa zaidi ya 10,000, majina yanayolipwa pasipo watu. Waligunduliwa kwa kuwa mtu aliweza kwenda afisini na kuhesabu vichwa. Katika nyumba ambayo hakuna aruhusiwaye kuhesabu, nani atawagundua? Na Kenya iliyaona haya kwa njia nyingine. Khabari za Anglo Leasing zilipofichuka mwaka 2004, ilidhihirika kuwa mikataba 18 ya mambo ya usalama ilikuwa na shaka, na Anglo Leasing yenyewe lilikuwa jina tu, nyuma yake halikuonekana kampuni ya kweli. Neno «usalama» ndilo lililokuwa kufuli ya sanduku. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala si kweli kwamba dola huanguka ikitaja hesabu. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010 na sheria ya 2012, imeiweka Idara yake ya ujasusi chini ya sheria, na jumla ya fedha yake huonekana katika makadirio. Uingereza iliunda kamati ya wabunge wa kuangalia matumizi ya majasusi kwa sheria ya mwaka 1994. Marekani ilitangaza jumla ya fedha ya upelelezi mwaka 1997, nayo ilikuwa dola bilioni 26.6, kisha sheria ya 2007 ikaamuru jumla itangazwe kila mwaka. Majina ya wapelelezi hayakutajwa. Kilichotajwa ni uzito wa mzigo, ili aubebaye aujue.

Basi ajitayarishaye kwenda mbele ya wabunge asianze kwa kujifunza majibu ya ujanja. Na aanze kwa kuzipanga siri zake mafungu matatu. La kwanza ni lile ambalo likijulikana mtu atauawa au adui atapata njia: hilo alifiche, na aseme waziwazi kuwa analificha. La pili ni lile liwezalo kuambiwa wachache walioapa: hilo awaambie wote kwa ukamilifu, asiwape nusu. La tatu ni lile ambalo likijulikana ataaibika yeye au wakubwa wake: hilo si siri kabisa, bali ni deni. Kipimo ni kimoja: ni nani atakayedhurika, raia au mficha?

Na tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni baina ya kunyamaza na kusema uwongo. Asemaye «hili sijibu hapa» ameihifadhi siri na ukweli pamoja. Aandikaye «safari» mahali pa kitu kingine ameidanganya nchi ambayo amelipwa kuilinda, na amemfundisha karani wake mdogo, aliyeishika kalamu kwa mkono unaotetemeka, kuwa uwongo ni sehemu ya kazi. Karani huyo kesho atakuwa mkubwa.

Wabunge nao wana zamu yao. Aulizaye ili apate sifa magazetini si mlinzi wa mali, na apitishaye fungu kwa sekunde chache kwa kuogopa kuonekana adui wa usalama ameitupa amana aliyopewa na waliompigia kura. Muuza kanga wa Mtaa wa Kongo hawezi kwenda Dodoma, wala hataki kujua mpelelezi amelala wapi jana. Atakalo ni kuwa akiuliza mtu kwa niaba yake, «Fedha ile iko wapi?», awepo wa kujibu, na jawabu liwe la kweli.