Chembe Hazichoki

Katika mada zote za fizikia ya Kidato cha Kwanza, hakuna inayoigusa imani ya mtoto kwa karibu kama mwendo wa chembe. Nguvu, ujazo na msongamano hupita bila zogo. Lakini ukimwambia mtoto kwamba jiwe alilolikalia halijatulia hata kidogo, kwamba kila chembe iliyomo ndani yake inatikisika mara mabilioni kwa mabilioni kwa sekunde, umemgusa mahali ambapo tayari amewekewa neno na Maalim wake wa chuoni, anakosoma Kurani. Atauliza, na mwalimu lazima ajue anajibu swali gani.

Ninafundisha katika skuli ya wasichana hapa Unguja. Tukifika kwenye hali tatu za maada, tunasukuma madawati ukutani na wanafunzi wanageuka kuwa chembe. Kwanza ni yabisi: wanajipanga safu kwa safu, bega kwa bega, kila mmoja akitikisika pale pale bila kuiacha nafasi yake. Kisha kimiminika: bado wamegusana, ila sasa wana ruhusa ya kupenya, kupishana na kubadilisha jirani. Mwisho gesi: kila mmoja anakwenda kivyake, moja kwa moja, mpaka agonge ukuta au agongane na mwenzake, ndipo ageuke. Gesi ndiyo wanayoipenda, na ndiyo inayowamaliza. Katika joto la kaskazi, darasa huwa limelowa jasho kabla sijapiga makofi ya kuwasimamisha. Mwaka mmoja msichana mmoja akabaki amejishika kiuno, anahema. "Mwalimu," akasema, "sisi tumechoka. Chembe zenyewe hazichoki? Nani anazisukuma?"

Wenzake wawili wakajibu kabla yangu, kwa sauti moja: "Mungu."

Jibu lile lilitoka mioyoni, na mimi ninaamini alichokiamini kila mmoja wao: hakuna chembe inayotikisika nje ya uwezo wa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo sikuliandika ubaoni. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu wazazi wameniuliza, walimu wenzangu wameniuliza, na ninaona jambo hili linastahili maneno mengi kuliko yale yanayotosha mlangoni mwa ofisi.

Nianze na fizikia. Kuchoka ni nini? Mpira ukiviringika uwanjani, mwishowe husimama. Sote tumeliona hilo tangu utotoni, nalo limetufundisha kwamba mwendo huisha wenyewe na kwamba kitu kikiachwa hutulia. Somo hilo si sahihi. Mwendo wa mpira hauishi, hugawiwa. Kila mpira unapokwaruza ardhi na kupasua hewa, unazitikisa chembe za ardhi na za hewa zaidi kidogo kuliko zilivyokuwa zikitikisika. Mpira unaposimama, ardhi na hewa zimepata joto dogo mno lisilohisiwa na mkono, na joto hilo ndilo mwendo uleule, uliotawanyika kwa chembe zisizo na idadi.

James Joule wa Manchester aliupima mgawo huo katika miaka ya 1840. Alifunga mizigo kwenye kamba, mizigo ikashuka, ikazungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Maji yalivurugika kisha yakatulia, na kipimajoto kikapanda kidogo tu. Kwa hesabu tunazozitumia leo, gramu moja ya maji huhitaji takriban jouli 4.2 ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Maana yake kilo moja ya maji ingelazimika kuporomoka zaidi ya mita 400 kwenda chini, na nishati yote ya anguko hilo ibaki ndani yake, ndipo ipate joto la nyuzi moja zaidi. Wanafunzi wangu hukaa kimya wakiisikia hesabu hii. Kilo kwa kilo, maji yaliyotulia kwenye gilasi yamebeba mwendo mwingi kuliko ule wa maporomoko makubwa.

Sasa swali la kuchoka linajibika. Mpira unachoka kwa sababu una wa kumgawia. Chembe zinapogongana zenyewe kwa zenyewe, kinachopotea kwa moja kinaongezeka kwa nyingine, na jumla haipungui. Chini ya chembe hakuna ardhi nyingine ya kuukwaruza mwendo wake hadi uishe. Chai inapoa kwa kuwa inaigawia meza na hewa. Ikishakuwa sawa na chumba, inaacha kupoa, lakini chembe zake haziachi kwenda. Molekuli za hewa tunayoivuta darasani hukimbia kwa wastani wa karibu mita 500 kwa sekunde, zaidi ya mwendo wa sauti. Na mtu akiuliza kwa nini basi harufu ya udi huchukua muda kuvuka ukumbi, jibu ni kwamba kila molekuli hugongana na nyingine mara mabilioni kwa sekunde, na hivyo haiendi mbali kabla ya kugeuzwa njia.

Kwa hiyo nani anazisukuma? Fizikia inajibu bila kusita: hakuna anayezisukuma, na hazihitaji kusukumwa. Tangu Newton alipochapisha kanuni zake mwaka 1687, tunajua kwamba mwendo ulionyooka na usiobadilika hauhitaji sababu ya kuuendeleza. Kinachohitaji sababu ni badiliko: kuongeza kasi, kupunguza, kugeuka. Utulivu na mwendo viko daraja moja. Tena, tukishuka hadi kwenye ubaridi wa mwisho kabisa, karibu na nyuzi 273 chini ya sifuri, hatukuti kimya kamili. Heliamu katika kanieneo ya kawaida ya hewa hukataa kuganda hata huko, kwa sababu chembe zake bado zina mtikisiko usioweza kuondolewa.

Kuna historia hapa inayonipa tahadhari. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Skotlandi, alitazama kwa hadubini punje ndogo sana zilizotoka ndani ya chavua ya maua, zikielea majini. Zilikuwa zinachezacheza bila kukoma. Alipoona hivyo alidhani ameukaribia uhai wenyewe. Angeweza kuishia hapo, na wengi wangemsifu. Badala yake akachukua vitu ambavyo havina uhai: kioo kilichosagwa, mawe, hata kipande kidogo cha sanamu ya Sfinksi ya Misri. Vyote vilicheza. Mwendo ule haukuwa roho. Einstein aliueleza kwa hesabu mwaka 1905: ni molekuli za maji zisizoonekana zinazoipiga punje kutoka kila upande. Jean Perrin akaupima kwa subira kubwa, na ndipo wengi waliokuwa wakikanusha kuwapo kwa atomu wakakubali. Brown alikuwa na jibu tukufu mkononi, na aliliweka chini ili aulize tena. Hiyo ndiyo adabu ninayotaka wasichana wangu waondoke nayo.

Nilipoyaeleza haya, mwalimu mwenzangu mmoja alipaza sauti kwa huzuni ya kweli: "Basi umemwondolea Mungu kazi." Ninamheshimu, naye ni mtu wa sala. Jibu langu kwake lilitoka mahali asipopatarajia, kwenye mkeka wa chuoni.

Sisi tuliosoma sifa ishirini za Mwenyezi Mungu kwa njia ya Imamu Sanusi, aliyefariki Tlemcen, Algeria, mwaka 1490, tulifundishwa hoja moja ambayo nilikuwa ninaikariri kabla sijajua kuandika barua. Kila kiwiliwili ama kimo katika mwendo ama kimo katika utulivu. Mwendo huzuka na kuondoka, na utulivu nao huzuka na kuondoka. Kisichoepukana na mambo yanayozuka, nacho kimezuka. Na kila kilichozuka kina aliyekileta.

Itazameni hoja hii vizuri. Haisemi kwamba kinachosogea kinahitaji Muumba na kilichotulia hakihitaji. Inaviweka vyote viwili kwenye mizani moja. Aristotle ndiye aliyefundisha kwamba kinachosogea lazima kisogezwe na kitu, na kwamba jiwe likifika mahali pake pa asili hukaa. Wanazuoni wa Kiashari, ambao Sanusi ni wa njia yao, hawakuijenga nyumba yao juu ya msingi huo. Katika njia iliyoanza na Abul Hasan al-Ashari, aliyefariki mwaka 936, na kupangwa vizuri na Baqillani, aliyefariki mwaka 1013, ulimwengu ni sehemu ndogo zisizogawanyika, nazo huvikwa sifa za kupita, na mwendo na utulivu ni miongoni mwa sifa hizo. Sifa ya kupita haidumu nyakati mbili; Mwenyezi Mungu huiumba upya kila wakati. Kwa mafundisho hayo, jiwe lililotulia linamhitaji Muumba kama upepo unavyomhitaji, wala si kidogo zaidi.

Sitaki mtu achukue maneno haya akasema kwamba wanazuoni walizigundua atomu kabla ya Ulaya. Hawakuzigundua. Jauhari, yaani ile sehemu ndogo ya wanazuoni, ilifikiwa kwa mjadala, haikupimwa, na kwa maana yake yenyewe haigawanyiki. Atomu ya kemia imepimwa, na inagawanyika. Ninasikitika ninapoona watu wakiing'ang'aniza Surat Zilzala iwe somo la kemia kwa kuwa imetaja uzito wa chembe. Sura ile inazungumzia hesabu ya matendo yetu, jambo zito kuliko kemia yote. Anayeifunga aya kwenye nadharia ya leo ameiweka rehani, na nadharia ikibadilika atakuja kudaiwa.

Ninachokichukua kwa Waashari ni umbo la swali. Ndani ya swali la yule msichana mna maswali mawili yaliyokumbatiana. La kwanza linauliza: ni kitu gani kinazifanya chembe ziendelee kwenda? Hilo lina jibu, na jibu lake ni kwamba haziachi kwa kuwa hakuna cha kuzisimamisha zote kwa pamoja. La pili linauliza: kwa nini kuna chembe, na kwa nini zinaishika kanuni hii leo kama zilivyoishika jana? Joule hakuligusa hilo, wala Perrin, wala kipimajoto changu. Fizikia inaniambia kinachobaki vilevile katika mabadiliko yote. Hainiambii kwa nini kubaki huko kupo.

Wapo watu makini wanaosema kwamba swali la pili tuliache: ulimwengu upo, kanuni zipo, basi. Siwadharau, na siwezi kuwashinda kwa jaribio la maabara. Mimi ninaona vinginevyo. Kitu ambacho kingeweza kutokuwapo, na kipo, kinanidai maelezo hata kama kimekuwapo tangu zamani za zamani. Na udumifu usiochoka wa chembe haunifanyi nione kwamba hazimhitaji mwenye kuzidumisha. Kudumu ndiko kunakoniuliza zaidi. Lakini hilo ninalisema kama muumini anayefikiri, na ninawaambia wanafunzi wazi kwamba hapo nimeiacha meza ya majaribio.

Mungu akiwekwa kama jibu la swali la kwanza, hasara ni mbili. Mtoto haijui fizikia, kwa sababu amepewa jina tukufu mahali pa maelezo na akaacha kutafuta. Na imani yake imejengwa juu ya asichokijua. Akifika Kidato cha Nne na kuelezwa vizuri, ataona kwamba kila ukurasa anaouelewa unampunguzia Mungu sehemu. Nimewaona vijana wenye akili wakiiacha dini kimyakimya kwa njia hiyo, na ninaamini hawakushindwa na sayansi. Walifunzwa Mungu mdogo.

Hatari hii si mpya. Imamu Ghazali, aliyeandika kitabu chake dhidi ya wanafalsafa mwaka 1095, ndiye aliyehoji kama ni moto wenyewe unaochoma pamba au ni desturi ya Mwenyezi Mungu kuumba kuungua pale moto na pamba vinapokutana. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwa ukali kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili. Wengi humkumbuka Ghazali kwa pamba tu. Lakini katika utangulizi wa kitabu hichohicho aliwaonya wanaodhani kwamba ni wajibu wa dini kuyapinga maelezo ya wanahisabati kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi. Mtu wa namna hiyo, alisema, anaidhuru dini, kwa sababu mambo hayo yana hoja zisizo na shaka, na anayezijua hatozishuku hoja, ataishuku dini.

Onyo hilo limepita miaka zaidi ya 900 na ninalihitaji kila muhula. Kwa hiyo ubaoni ninaandika maswali yote mawili, moja chini ya jingine. La kwanza tunalijibu kwa maji ya moto na ya baridi, kwa punje ya pamanganeti inayotawanya zambarau yake kwenye gilasi, upesi kwenye ya moto na polepole kwenye ya baridi, na kwa hesabu. La pili ninawaambia waende nalo nyumbani na chuoni, wawaulize wazee wao, wasome, wabishane kwa adabu. Mtihani wa taifa utauliza la kwanza peke yake, na hiyo ni haki yake. La pili halina mwongozo wa kusahihishia, na mwalimu anayejifanya anao anawadhulumu watoto, awe amewapa jibu la dini au amewaambia hakuna cha kuulizwa.