Mawasiliano Yakikatika, Je, Kusali Ni Unafiki?



Leo mwenzenu nimekuja na swali ambalo nimelibeba tangu Februari, mwezi tuliomzika baba. Nimeona aibu kuliuliza, maana mimi ndiye ninayeongoza rozari nyumbani, na kwenye jumuiya watu wananijua kama msali. Swali lenyewe ni hili: ukisali huku huhisi chochote, tena si siku moja mbili bali miezi, je, huo si unafiki?

Aliyenifanya nilikabili ni mdogo wangu na kigari chake.

Yuko kidato cha tatu, na mambo ya umeme ndiyo maisha yake. Likizo hii ametengeneza kigari cha kuendesha kwa simu: mota mbili ndogo za njano, Arduino ya kukipa akili, kibao chekundu cha kupitishia umeme wa mota, kipokezi cha Bluetooth na betri. Ukibonyeza mshale wa mbele, simu inarusha herufi F. Ukitaka kisimame, inarusha S. Kigari kinasoma herufi, kinatii.

Mimi nilidhani yale mawimbi ndiyo yanayosukuma magurudumu. Akanicheka. "Dada, mawimbi yale hayawezi kusukuma hata unyoya! Nguvu iko kwenye betri, kigari kinaibeba chenyewe. Simu inasema tu." Neno hilo limenikaa kichwani. (Betri nayo haikujichaji yenyewe, najua. Tuendelee.)

Basi siku hiyo akakiachia barazani. Kikaenda, kikaenda, kikapita pale Bluetooth ya simu inapofika. Akabonyeza S. Wapi! Kikaendelea mpaka kwenye ngazi, kikadondoka, tairi moja likachomoka. "Dada, kimekataa kusimama!"

Wala hakikukataa. Amri ya mwisho kuisikia ilikuwa F, na hakuna aliyekifundisha kwamba ukimya nao ni habari. Jioni akarekebisha programu: simu irudie herufi yake tena na tena muda wote kidole kikiwa kwenye kitufe, na nusu sekunde ikipita bila kusikia kitu, kigari kikate umeme wa mota. Akaniambia watu wanaorusha ndege za rimoti hulipanga jambo hilo kabla ya kuruka: mawasiliano yakikatika, chombo kifanye nini? Droni nyingi zenye GPS hupangwa zirudi zilikoondokea.

Yeye akaenda kula. Mimi nikabaki barazani, maana nilijiona. Amri ya mwisho niliyoisikia moyoni kabla ya msiba ilikuwa "sali". Baada ya hapo, kimya. Na bado kila usiku saa mbili natoa rozari mfukoni. Je, si ndiyo kile kigari, nakwenda kwa sababu tu hakuna aliyeniambia simama? Huku rafiki yangu mmoja, mtu ninayemheshimu, alikuwa ameshaniambia wazi: "Pumzika kusali mpaka utakapohisi tena, usimdanganye Mungu." Ushauri wake ni ileile nusu sekunde ya dogo. Ukimya ukizidi, kata umeme.

Kuna mtu mkubwa ambaye angeniambia nisijisumbue. Nikola Tesla, mtoto wa padre wa Kiorthodoksi, mwaka 1898 aliwaonyesha watu wa New York, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, mashua ndogo aliyoiendesha kwa redio bila waya wowote. Mashua ile nayo ilibeba betri zake ndani. Mwaka 1900 akaandika katika jarida la Century kwamba yeye mwenyewe ni mashine inayojiendesha: vitu vya nje vinamgusa kupitia macho na masikio, naye anajibu kwa kufikiri na kusogea. Hakusema hivyo kwa utani. Nilipolisoma jambo hilo sikulala vizuri. Kama ni kweli, basi rozari yangu ni mabaki ya mwendo tu, na hakuna cha kuita uaminifu wala unafiki, kama vile tairi lisivyoweza kusema uongo.

Lakini mashua haikuwahi kukosa usingizi ikijiuliza kama inaendeshwa. Mimi nilikosa. Yoshua bin Sira, sura ya 15, anasema Mungu alimwumba mtu tangu mwanzo na kumwachia uamuzi wake mwenyewe, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ulitumia maneno hayohayo kueleza kwamba uhuru wetu ni alama ya sura ya Mungu ndani yetu. Yaani Mungu angeweza kutufunga kipokezi cha amri, mchezo ukaisha. Hakufanya hivyo. Anasema, na anasubiri.

Hapo nikaenda kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, nikitegemea atanitetea. Akanichanganya zaidi! Katika kanuni zake za kupambanua roho anaagiza kwamba wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi uliofanya ukiwa na faraja. Shika ulichokuwa umeshika jana. Sasa hiyo si ni programu ya kwanza ya dogo, ile iliyokiangusha kigari kwenye ngazi? Nilikaa na jambo hilo siku mbili nzima. Kisha nikaona nilisoma haraka. Inyasi hakuishia hapo: anataka wakati huohuo uongeze sala, ujichunguze, utafute ukavu umetoka wapi, maana wakati mwingine ni uzembe wetu na wakati mwingine Mungu anatufundisha kwamba faraja si mali yetu. Kigari hakichunguzi kitu. Kilikwenda mbele kwa sababu hakikuwa na la kufanya jingine. Mimi saa mbili usiku nina mengi ya kufanya. Simu iko mkononi, kitanda kiko pale, na hakuna atakayenigombeza nikisema naumwa kichwa.

Kwa hiyo rafiki yangu simkubalii, ingawa najua alinionea huruma. Mnafiki ni yule anayetaka aonekane ana kitu ambacho hana. Anayemwambia Mungu, "sikusikii, na nimekuja," hajamdanganya mtu. Mama Teresa wa Kalkuta aliishi na giza la namna hiyo karibu miaka 50, akapata nafuu kidogo tu mwaka 1958, na wengi wetu tulilijua hilo barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake. Walikuwepo waliosema, eti kumbe alikuwa anaigiza. Lakini muda wote huo aliwaandikia waungamishaji wake ukweli, na asubuhi akaenda kuwaosha wagonjwa.

Sijifananishi naye, jamani. Mimi nilishindwa hata kuwaambia wanajumuiya. Na hapo nakiri kosa langu: wakiniuliza "unaendeleaje na sala?" nilikuwa najibu "namshukuru Mungu, naendelea vizuri" kwa ile sauti ya watakatifu. Huo sasa ndio ulikuwa unafiki, wala haukuwa kwenye rozari. Jumatano iliyopita nilimwambia bibi ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema tangu babu afariki, yeye aliikaa mwaka mzima vilevile, na hakuna aliyemuuliza.

Jana usiku tulisali kama kawaida. Sikuhisi kitu. Kwenye tendo la tatu bibi akasinzia, dogo akampokea Salamu Maria katikati, tukaendelea. Baada ya sala akatoka tena na kigari chake barazani. Safari hii kilifika karibu na ngazi, mawasiliano yakakatika, kikasimama chenyewe gizani. Akavaa ndala, akaenda kukichukua kwa miguu.