Moshi Huo ni wa Nani?

Mtu akipewa chakula kibaya, aweza kukikataa. Maji machafu aweza kuyachemsha, au kwenda kisima kingine. Lakini hewa hakuna awezaye kuikataa hata kwa nusu saa. Basi afanyaye moshi huwaamulia jirani zake jambo ambalo hawakuulizwa. Je, ana haki hiyo?

Huko Lamu, katika pwani ya Kenya, swali hili lilifika mbele ya waamuzi. Kampuni moja ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wenye nguvu ya megawati 1,050, mahali paitwapo Kwasasi. Wenyeji wengi walipinga, wakihofia moshi na majivu. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kuamua kesi za mazingira liliifuta ruhusa ya mtambo ule. Msomaji aangalie vema sababu moja kubwa: wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Sisi wa Ituri twaikubali hukumu hiyo upesi, kwa kuwa Lamu ni mbali. Tutazame karibu. Huko Mongbwalu na penginepo penye dhahabu, mchimbaji huchanganya mchanga na zebaki, ili chembe za dhahabu zishikamane nayo. Kisha hulichoma donge lile motoni, pengine jikoni mwake, pengine dukani mwa mnunuzi. Zebaki hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Moshi wa makaa angalau huonekana! Mvuke huu huingia mapafuni kimya, ukadhuru ubongo na mafigo, hata mtoto aliye tumboni.

Wako wasemao: maskini asamehewe, anawatafutia wanawe chakula. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mchimbaji, aliniambia vivyo hivyo, wala hakusema upuuzi. Umaskini kweli hupunguza hatia ya mtu, haupunguzi sumu. Tena mnunuzi wa dhahabu si maskini. Kiko chombo cha chuma chenye kifuniko na mrija: mvuke hupita humo, ukapoa, na zebaki ikatumika tena. Haki yadai kwamba apataye faida kubwa ndiye akinunue kwanza. Naye mchimbaji, wakati akikingoja, achomee mahali pa wazi, mbali na nyumba na watoto. Na mke wake mjamzito asimsaidie kazi hiyo.