Rubani Asiyepanda Chombo

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walikuwa na maana kwamba uwongo haufiki mbali kabla haujabainika. Lakini siku hizi methali hiyo hunijia akilini kwa sababu nyingine kila ninaposafiri ndani ya gari lenye mashine ya kuonyesha njia, maana mashine hiyo nayo huahidi ufupi. Haisemi kwamba utafika salama, wala kwamba daraja lililo mbele bado limesimama. Hutaja kilomita na dakika, basi. Nasi tukiisikia sauti yake tulivu, isiyosita hata mara moja, tunaiamini kuliko tunavyomwamini mtu aliyezaliwa na kuzeekea kando ya barabara hiyo hiyo. Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni hili: mtu anapotii agizo la mashine, na agizo likamfikisha pabaya, ni nani mwenye kujibu?

Kwanza niitazame mashine yenyewe. Magari mengi yanayoletwa kwetu yamekwisha kutumika Japani, na mashine hizo huja nayo zikiwa zimefungwa humo humo garini. Wengi wanaijua ile sauti ya mwanamke ambayo, kila gari linapowashwa asubuhi, husema maneno ya Kijapani asiyoyaelewa mtu yeyote aliyemo ndani. Wenye magari wamemzoea. Wengine humjibu "Ahsante, mama," wakatia gia wakaondoka. Kioo kilicho mbele ya dereva kina ramani, lakini ni ramani ya Japani. Huku kwetu gari huweza kuonekana likielea mahali patupu, pasipo barabara, mto wala kijiji.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Setilaiti za mfumo wa GPS, zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita zipatazo 20,200, hazina kosa lolote. Chombo kikipata mawimbi ya setilaiti nne, chaweza kukadiria vizuri mahali kilipo. Kinachokosekana ni habari za mahali penyewe: pana nini, pamepita nani, na jana mvua ilinyesha kiasi gani. Kujua ulipo ni jambo moja, na kujua njia ni jambo jingine.

Mwanangu, kwa kutaka kunipumzisha na kelele zile za Kijapani, aliweka garini mwake ramani ya Afrika Mashariki. Tukatoka Dar es Salaam kwenda nyumbani. Kwetu ni Malindi ya Lushoto, juu kwenye Milima ya Usambara, penye baridi na ukungu, na mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyopandishwa mpaka kwenye miteremko. Aliandika jina, mashine ikatupangia safari ya Kenya, kwenye mji wa Malindi ulioko pwani. Alipoikataa, ikatupa Malindi ya Unguja, ule mtaa wa karibu na bandari, kana kwamba gari letu lingeweza kuogelea. Malindi yetu haikuwamo kabisa. Tukaridhika na kuandika Lushoto. Kisha tulipoingia barabara ya Bagamoyo hadi Msata, ambayo mabasi yamekwisha kuizoea, mashine ikashikilia kwamba tugeuze tukapitie Chalinze. Kila kilomita tuliyokwenda mbele iliihesabu kuwa kosa letu.

Nilicheka, lakini nikakumbuka kazi yangu. Miaka niliyokuwa chuo cha ualimu niliwaonya wanachuo juu ya mwalimu anayeingia darasani na andalio la somo la miaka kumi iliyopita, karatasi imekuwa ya manjano, naye anawakemea wanafunzi kwa kuwa hawafanani na andalio. Mwalimu huyo hana nia mbaya. Ubaya wake ni kwamba ameacha kuwatazama watoto walio mbele yake. Ramani iliyofungwa ndani ya gari ina maradhi hayo hayo: ilitazama mara moja, ikafumba macho, na ikaendelea kusema kwa sauti ile ile ya uhakika.

Mambo hayo ni ya kuchekesha mpaka siku yanapogusa uhai wa mtu. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikuwa akimrudisha mama yake kutoka hospitali huko Moshi. Kwa kawaida mtu atokaye upande huo huteremka mpaka Mombo, ndipo apande kupitia Soni hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kona na makorongo, kisha aendelee huku kwetu. Ni mzunguko, kwa sababu milima yetu inasimama kama ukuta juu ya tambarare za Mkomazi. Ukiwa Mtae unaziona tambarare chini yako zaidi ya mita elfu moja, karibu kwa macho, mbali kwa miguu. Mashine ilimwambia akate kushoto kabla ya kufika Mombo, apande ukuta huo moja kwa moja. Ilimwokolea kilomita nyingi. Ilikuwa wakati wa masika. Jioni gari lilizama matopeni katikati ya mteremko, simu haina mtandao, na mgonjwa akalala humo ndani usiku kucha akitetemeka, mwanawe amemfunika koti lake. Alfajiri wanakijiji walikuja na majembe na kamba, wakalitoa.

Yule kijana alipokuwa akieleza mkasa huo nyumbani, alirudia neno moja: "Si mimi, ni mashine." Mama yake, ambaye alikuwa bado amelala kitandani, akamwambia polepole, "Mwanangu, mimi sikupanda gari la mashine. Nilipanda gari lako."

Sijasikia hoja ya falsafa iliyo nzito kuliko hiyo. Mama hakumlaumu mwanawe kwa kutojua njia, maana kutojua njia si dhambi. Alikataa kitu kimoja tu, nacho ni kwamba dhamana ya uhai wake ilikuwa imehamishwa mikononi mwa kitu kisichoweza kuibeba. Alipoingia garini alimwamini mtu. Mtu huyo naye akaiamini mashine, bila kumwuliza mama kama ameridhia.

Wala si sisi wa milimani peke yetu. Mwezi wa Agosti 2009, huko California, mama mmoja na mwanawe wa miaka sita walifuata maelekezo ya chombo cha namna hii ndani ya jangwa la Death Valley, gari likanasa mchangani; mtoto alikufa kabla msaada haujafika. Mwezi wa Novemba 2024, katika jimbo la Uttar Pradesh nchini India, watu watatu walikufa baada ya gari lao kuongozwa juu ya daraja ambalo sehemu yake ilikuwa imechukuliwa na mafuriko. Polisi walipoanza uchunguzi, walitajwa wahandisi wa barabara, akatajwa na ofisa wa kampuni ya ramani. Lawama ilitafuta pa kutua kama ndege aliyekatiwa mti. Hilo ndilo linalonisumbua. Njia ilikuwa na washauri wengi, lakini aliyekuwa tayari kusema "mimi ndiye niliyewaambia mpite hapa" hakuwapo.

Hebu sasa tumtazame mtu anayeulizwa njia huku kwetu. Unasimamisha gari, unamwamkia mzee aliyekaa barazani: "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Unauliza njia ya kwenda mahali fulani. Je, anakujibu? Hapana, anaanza kukuuliza yeye. Mnakwenda kwa nani? Mmetoka wapi? Gari lenu ni la juu au la chini? Huyo nyuma ni mgonjwa? Mgeni huona kama anapotezewa wakati, kumbe mzee anaitafuta njia inayokufaa wewe. Akimwona mgonjwa hatakupa njia fupi. Atakupa njia laini. Na akiona huelewi, husema, "Nisogezeni mpaka pale mbele, nitawaonyesha," akapanda na kapu lake. Naam, pengine alikuwa anatafuta usafiri tangu asubuhi! Hata hivyo sasa yumo ndani nanyi, na mkikwama atasukuma pamoja nanyi.

Madereva wa malori ya mboga wanaopakia Lukozi wanajua jambo hili vizuri. Kabichi haisubiri, na karoti zikichelewa sokoni Dar es Salaam hasara ni ya mkulima na ya tajiri mwenye lori. Lakini dereva mzoefu akikutana na mwenzake kwenye kona humwashia taa, akasimama, akauliza, "Kukoje huko?" Neno moja la mtu aliyetoka huko dakika kumi zilizopita, matope bado yanadondoka kwenye magurudumu yake, hulipima kuwa zito kuliko ramani yoyote.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa mashine. Watu nao hupotosha. Sisi Waafrika Mashariki tuna ugonjwa wa "ni hapo tu," na hilo "hapo" laweza kuwa mwendo wa nusu siku. Wapo wanaoona aibu kusema "sijui," wakanyoosha kidole popote ili mgeni asiondoke mikono mitupu. Aidha, mwanamke anayesafiri peke yake usiku katika mji mgeni ana haki ya kuiuliza simu yake kuliko kuwauliza vijana waliosimama gizani. Na mashine ya leo, yenye mtandao, yaweza kukuarifu juu ya foleni ambayo hakuna mzee wa barazani awezaye kuiona. Siwaambii watu waitupe.

Nasema tu kwamba tofauti haiko katika nani anakosea mara nyingi zaidi. Tofauti iko katika uhusiano. Mzee aliyenipotosha yuko pale pale barazani. Nitarudi kwa njia ile ile, na atanisikia nikimwuliza mbele ya majirani zake. Anajua hivyo kabla hajafungua kinywa. Maelekezo yake, yawe sahihi au yawe na kasoro, ni namna ya ahadi. Maelekezo ya mashine ni hesabu, na hesabu haina uso wa kuona haya.

Lugha yetu ina neno zuri kwa jambo hili, neno rubani. Kabla halijapandishwa kwenye ndege, lilikuwa la baharini: mtu ajuaye maji, miamba na pepo, anayepanda chombo cha mgeni ili akiongoze. Na ile Malindi nyingine, ya Kenya, ambayo mashine ilitaka kutupeleka, ina historia inayotufundisha juu yake. Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika huko akiwa na vyombo vyake vya kupimia, na mtawala wa mji akampa rubani. Wengi waliwahi kusema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi wa sasa hawakubali. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakatia nanga karibu na Calicut, Bara Hindi. Waliporudi hawakungoja pepo za kaskazi zishike vizuri. Waliiacha pwani ya Bara Hindi tarehe 5 Oktoba, na hawakuiona pwani ya Afrika mpaka mwanzoni mwa Januari 1499. Mabaharia wengi walikufa njiani kwa kiseyeye, hata jahazi moja likachomwa moto kwa kukosa watu wa kuliendesha. Bahari ilikuwa ile ile, na maili zilikuwa karibu zile zile. Siku 26 kwa kwenda, na miezi mitatu kwa kurudi.

Basi urefu wa njia haukai kwenye ramani peke yake. Unakaa katika upepo, katika mvua, katika aliyebebwa, na katika maarifa ya anayeongoza. Na rubani yule wa Malindi alikuwa na kitu kingine zaidi ya maarifa: alikuwamo chomboni. Kingezama, angezama nacho. Ndiyo maana neno lake lilistahili kuaminiwa na watu waliokuwa hawamjui hata jina.

Mashine iliyo garini haizami. Kwa hiyo haiwezi kuwa rubani, hata ingepewa ramani bora kuliko zote na sauti ya Kiswahili fasaha. Yaweza kuwa mshauri, nasi twaweza kuusikiliza ushauri wake kama tunavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa, kisha tukachungulia dirishani. Lakini usukani ukiwa mkononi mwangu na mama wa mtu akiwa kiti cha nyuma, rubani ni mimi. Nikiona barabara inazidi kuwa nyembamba na majani yameota katikati, sina ruhusa ya kusema kwamba nimeambiwa. Nina wajibu wa kusimama, kuteremsha kioo, na kumwamkia mtu wa kwanza nitakayemwona.