Maji Iko?

Homa Bay kuna mtaa unaitwa Shauri Yako. Ukiwa mgeni utacheka. Unapanda boda, unamwambia jamaa "nipeleke Shauri Yako", na yeye hacheki kwa sababu hicho kicheko amekisikia mara nyingi. Lakini ukikaa mjini kidogo unagundua kwamba jina hilo linatosha kuwa kanuni nzima ya upangaji nyumba katika nchi hii. Uliingia bila kufungua bomba? Shauri yako. Hukuuliza kama mita ya stima ni yako peke yako? Shauri yako. Ukuta unatoa jasho mwezi wa nne? Wewe si ulikuja kuiona nyumba mwenyewe, na macho yako mawili?

Nimepanga Migori miaka minne, sasa napanga Homa Bay, kwa hiyo zile orodha za "mambo ya kuangalia kabla ya kulipa dipositi" nazijua, na sizidharau. Fungua bomba la juu kabisa, si la chini. Flashi choo uone kama kinajaa tena. Piga picha kila ufa kabla hujaingiza godoro. Dipositi inarudi lini na inakatwa nini, uandikiwe, usiambiwe kwa mdomo. Tena uliza mwenye nyumba ni nani hasa, kwa sababu kama mzee aliyejenga ameshafariki na mirathi haijaisha, unaweza kudaiwa renti na ndugu wawili, kila mmoja na kitabu chake cha risiti. Hii ya mwisho watu huisahau sana.

Shida yangu na orodha hizi ni kwamba zinachukulia nyumba kama kitu cha kuonekana. Unaenda Jumamosi saa tano asubuhi, jua kali, keretaka ameshafungua madirisha na kumwaga jiki chooni. Unachokiona ni nyumba ya Jumamosi saa tano. Nyumba ya Ijumaa usiku, baa ya jirani ikiwa imefungulia spika, huioni. Nyumba ya Aprili huioni kama umekuja Januari. Katika mji wa Migori, mto unapita hapo hapo katikati yetu, na kiwanja kilichokauka vizuri Februari kinaweza kuwa kidimbwi mvua ya masika ikija. Homa Bay kuna ziwa. Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi likapita rekodi yake ya 1964, na 2024 likapanda tena zaidi ya hapo. Maji yakirudi nyuma, ukuta unapakwa rangi, na alama ya pale maji yalipofika inabaki kwenye kumbukumbu za majirani tu.

Kwa hiyo mambo mazito kuhusu nyumba hayaonekani. Yanasemwa, ama yananyamaziwa. Na hapo ndipo swali linapoacha kuwa la mpangaji peke yake: nani anapaswa kusema?

Swali hili ni la kale kuliko mabati. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika kitabu kuhusu wajibu, na katika sehemu ya tatu akaweka kesi ya mtu anayeuza nyumba yake. Nyumba inasifiwa kuwa nzuri kwa afya, kumbe si nzuri. Nyoka huonekana vyumbani. Mbao zake ni mbovu, inaweza kuporomoka. Anayejua ni mwenyewe tu. Je, akinyamaza ametenda dhuluma? Cicero anawakutanisha wanafalsafa wawili wa shule moja, mwalimu na mwanafunzi wake. Diogenes wa Babeli anasema hapana: hakuna aliyemlazimisha mnunuzi, na kutosema si sawa na kuficha. Tena anauliza kwa kejeli kama dalali asimame sokoni atangaze kwamba anauza nyumba yenye tauni. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarso, anakataa kabisa. Kwake yeye, kunyamaza hivyo ni kama kumwona mtu amepotea njia na usimwelekeze, na hata ni vibaya zaidi, maana huyu unamsukuma apotee ukijua. Cicero anamuunga mkono Antipater.

Nilipoisoma kesi hiyo mara ya kwanza nilidhani jibu ni rahisi. Halafu nikamfikiria keretaka. Huyo Diogenes anaishi katika kila ploti hapa kwetu, kile chumba cha kando ya geti, na hana ubaya wowote. Ana bosi, analipwa kidogo, na chumba anacholala na familia yake ni sehemu ya mshahara. Akimwambia kila mtu kwamba tangi huwa tupu, vyumba vitakaa bila watu, na bosi atatafuta keretaka mwingine mwenye mdomo mzito. Kumhubiria huyo kuhusu ukweli ni rahisi kwa mtu asiyelala pale getini.

Lakini hoja ya Diogenes ina mguu mmoja tu wa kusimamia: kwamba mnunuzi angeweza kukataa. Huo mguu hapa kwetu haupo. Tangu serikali za kaunti zianze 2013, Migori na Homa Bay zimekuwa makao makuu, na watu wanaletwa huku na barua za kazi. Mwalimu anapewa tarehe ya kuripoti. Nesi vilevile. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na wa Tom Mboya wanafika na mabegi siku ya kufungua, wote pamoja. Mtu wa namna hiyo ana siku tatu na nyumba mbili za kuchagua. Kumwambia "si ulikubali mwenyewe" ni maneno tu.

Na kuna wakati kunyamaza kunaua. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu takriban 50 walikufa. Baadaye ikasemwa wazi kwamba jengo hilo lilikuwa tayari limewekwa kwenye orodha ya kubomolewa. Yaani habari ilikuwepo, mahali fulani, kwenye karatasi fulani. Kodi iliendelea kukusanywa. Ni ile mbao mbovu ya Cicero, karne ishirini baadaye, ikiwa ya saruji.

Sheria, kusema kweli, haiko upande wa Diogenes. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na ya maji safi ya kutosha. Sheria ya Ardhi ya 2012 inahesabu kwamba mwenye nyumba ya kuishi ameahidi kuwa inafaa kuishiwa na binadamu, hata kama mkataba haukutaja. Ile ya kudhibiti kodi, Sura 296, imewekewa kiwango cha shilingi 2,500 kwa mwezi. Juu ya hapo haikugusi, na wewe nitajie bedsita ya mjini yenye bafu ndani kwa bei hiyo. Hata hivyo sheria huja baada ya ukuta kulowa. Kabla ya hapo kuna watu tu, wamesimama kwenye korido, mmoja anauliza.

Mimi niliulizwa. Kazi ilikuwa inanihamisha kutoka Migori, nimeshatoa notisi, na utaratibu wa ploti yetu ulikuwa huu: dipositi yako inarudi mpangaji mwingine akishalipa. Fikiria mtego huo ulivyopangwa. Pesa yangu ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa mtu nisiyemjua, na ufunguo ni huyo mtu kuipenda nyumba. Jumapili alasiri keretaka akamleta msichana mmoja, mwalimu, anaripoti kesho yake. Mzee akabaki mlangoni, akaniangalia kwa yale macho ya "si unajua". Msichana akazunguka, akafungua kabati, akasifu jiko. Kisha akanigeukia, sauti chini: "Sister, maji iko?"

Maji iko. Siku hiyo ilikuwa iko, ningefungua bomba angeiona inatiririka. Jibu la neno moja, la kweli, lingemdanganya vizuri kuliko uongo. Nikamwambia: inakuja Jumanne na Ijumaa usiku, ukilala umeikosa, nunua mapipa mawili. Chumba cha ndani usiweke kitanda kwenye ukuta wa nyuma kuanzia Machi. Na tokeni zako ndizo zinazowasha taa za korido, nimelalamika, hakuna kitu. Akaandika yote kwenye simu. Akashuka kuongea bei. Mwenye nyumba, kwa simu kutoka Nairobi, akakataa kupunguza hata mia. Msichana akaondoka.

Keretaka alikuja jioni. Hakufoka. "Nyathina," akasema, mtoto wangu, "ukweli wako umemsaidia nani leo? Yeye hana nyumba, wewe huna dipositi, mimi nimegombezwa." Nikamjibu kwamba yeye angalau anajua anachokikataa, nikamwongezea chai. Dipositi ilikuja miezi miwili baadaye, imekatwa ya rangi. Nyumba ilichukuliwa wiki ile ile na mtu wa biashara ya dhahabu ambaye, kwa mujibu wa mzee, hakuuliza chochote.

Kwa hesabu ya siku hiyo mzee alikuwa sawa. Ninachokataa ni hesabu ya siku moja. Mwenye nyumba wetu hajawahi kulala pale mvua ikinyesha. Anachojua kuhusu ule ukuta ni kidogo kuliko ninachojua mimi, niliyesukuma kitanda katikati ya chumba saa nane usiku. Tunapenda kusema wenye nyumba wanaficha, na wengi wanaficha, lakini maarifa kamili ya nyumba wanayo wapangaji: anayetoka, wa chumba namba nne, mama mwenye watoto ambaye anajua siku za maji kuliko kampuni ya maji. Kama Antipater ana haki, basi wajibu wa kusema haukai kwenye hatimiliki. Unakaa kwa anayejua. Na sisi ndio tunaonyamaza, kwa sababu ya dipositi, ama kwa sababu "mimi pia hakuna aliyeniambia".

Kuna sababu nyingine, ya huku kwetu hasa. Mjaluo ana *ot* na ana *dala*. *Ot* ni nyumba, *dala* ni nyumbani, na wewe unajua kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno mwaka 1987 ilivyoshikilia tofauti hiyo hiyo: kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi miaka yote na bado nyumbani kwake kuwe Nyalgunga. Ni fikra nzuri siku ya kuzikwa. Siku ya kupanga inatuponza. Kwa kuwa hii si dala, ni ya muda tu, tunavumilia ukuta unaolowa miaka minne, na anayefuata atajijua. Bado mapafu yanapumua hewa ya hiyo hiyo *ot*, kila usiku.

Nilipofika Homa Bay sikuanza na keretaka. Nilinunua omena za mia mbili kwa mama anayeuza nje ya geti la ploti niliyokuwa nimeipenda, na nikamwamkia vizuri, nikamuuliza. Akapima omena kwanza. Akaniuliza, "Wewe utakaa, ama unauliza tu?" Nikamwambia nitakaa. Ndipo akanyoosha mkono kuelekea vyumba vya chini, akasema hivyo usiguse, 2024 tuliwatoa watu humo na viatu mkononi. Chukua juu, upande wa mlima, ila punda wa maji hapandi huko, utamlipa kijana abebe mitungi. Kuhusu kanisa la nyuma lenye kesha kila Ijumaa hakuniambia kitu. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye ni mwimbaji wa kwaya.