Arobaini Isiyokwisha

Katika lugha ya dini inayosemwa Afrika Mashariki, msikitini na kanisani vilevile, shida za mzazi mwenye mtoto mlemavu huitwa mtihani au jaribu, na jibu linalotarajiwa kwake huitwa subira. Maneno haya yana heshima na historia ndefu, lakini yamezoeleka kutumika kwa jambo lenye mwisho, kwa kuwa mtihani hufanywa ukaisha na anayesubiri husubiri kitu kije. Swali linalozuka ni kwamba subira ina maana gani kwa mzazi ambaye kazi yake haina siku ya kumalizika, ambaye mtoto wake atahitaji kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani akiwa na miaka 3, na 13, na, Mungu akipenda, 30.

Mfano unaofaa kulichunguzia swali hili ni mtindio wa ubongo, yaani hali inayotokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, kama vile mtoto anapochelewa kupata hewa, anapopatwa na manjano kali isiyotibiwa, au anapougua homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe haliendelei kukua, lakini athari zake hudumu: viungo hukakamaa au hulegea, shingo haishiki kichwa, na mara nyingi ulimi na koo havitii. Kikombe kimoja cha uji huweza kumaliza saa nzima. Mlezi humpakata mtoto kifua kikiwa kimeinuliwa, mkono mmoja ukishikilia kichwa kisianguke nyuma asije akapaliwa, na mkono wa pili ukipeleka nusu kijiko. Ulimi huusukuma uji nje, uji hufutwa kidevuni, kijiko hurudi. Usiku, mtoto asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Tena kuna uzito, ambao wahubiri huusahau: kichanga kubebwa mgongoni kwa kanga ni jambo la kila siku, lakini mtoto wa miaka 9 mwenye kilo 20, anayebebwa kwa kanga ileile mpaka kituo cha daladala kwenda kwenye mazoezi ya viungo, ni hesabu nyingine kwa kiuno cha mama. Haya yote huitwa mahitaji maalumu, ingawa kula, kulala na kwenda chooni ni mahitaji ya kila mtu, na kilichozidi hapa ni idadi ya mikono inayotakiwa.

Kwa mlezi huyo, dini isemwayo barazani na kwenye foleni ya kliniki huleta maelezo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya hatia: mama alivunja mwiko, ukoo una laana, mtoto ni wa majini. Haya hayahitaji mjadala mrefu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu kipofu wa kuzaliwa, kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, naye akayakataa yote mawili. Na katika Kitabu cha Ayubu, marafiki watatu walioketi naye chini siku saba bila kusema neno walikuwa wafariji wazuri mpaka walipofungua vinywa ili kueleza sababu, kosa ambalo Mungu mwenyewe aliwakemea kwalo mwishoni.

Maelezo ya pili ni ya sifa, na kwa kuwa husemwa kwa upendo ni magumu zaidi kuyajibu. Husemwa kwamba Mungu hampi mja mzigo asiouweza, na kwa hiyo mama huyu amechaguliwa kwa sababu ana nguvu kuliko wenzake. (Ni ajabu kidogo kwamba baba aliyechaguliwa hasikiki akitajwa, hasa pale alipokwisha kuondoka.) Waislamu huyaegemeza maelezo haya kwenye aya ya 286 ya Sura Al-Baqara. Lakini kitenzi kilichotumika katika aya hiyo ni cha mzizi mmoja na taklifu, istilahi ambayo wanazuoni wa sheria huitumia kwa wajibu ambao Mungu humkalifisha mtu na ambao ataulizwa juu yake. Kwa ufahamu huo, aya inaweka mpaka wa wajibu, kwamba kisichowezekana hakiwi faradhi, na haisemi kwamba kila linalompata mtu analimudu. Zaidi ya hapo, aya hiyohiyo inamalizikia kwenye dua ya kumwomba Mola asiwatwishe waja wasichokiweza, dua ambayo isingekuwa na maana kama kulemewa kungekuwa upungufu wa imani, na ambayo waombaji wake ni wengi wanaojiita sisi. Wakristo nao hutaja Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, 10:13, kwa kusudi lilelile, ilhali Paulo hapo anazungumza na kanisa zima, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili huliona bila kwenda kwenye Kigiriki, kwa sababu lugha yake inatenganisha wewe na ninyi. Jumuiya inapoichukua ahadi iliyopewa wote na kuigeuza kuwa sifa ya mwanamke mmoja, imeutua mzigo wake na kumwachia pongezi. Wahenga waliijua hila hii waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani huonekana mwepesi kama mfuko wa sufi ya mto kwa yule asiyeubeba.

Wala subira yenyewe haidai ukimya. Neno hili Kiswahili kimelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kujizuia na kustahimili, kisha kitenzi kusubiri kikasogea kuelekea kungoja tu. Katika Sura Yusuf, Yaakub ndiye anayeitaja subira njema, na ni Yaakub huyohuyo anayemhuzunikia mwanawe mpaka macho yake yanakuwa meupe, na wanawe wanapomshutumu huwajibu kwamba anamshtakia Mungu majonzi yake. Ayubu wa Kurani anamwambia Mola wake waziwazi kwamba dhara limemgusa, na bado anaitwa mwenye subira. Ayubu wa Biblia anakwenda mbali zaidi na kuilaani siku aliyozaliwa. Kwa mizani hiyo, mama anayetamka kwamba amechoka, na kwamba asubuhi hii angetamani kuamka katika nyumba isiyo na mtoto yeyote, hajatoka katika subira.

Eva Feder Kittay, mwanafalsafa wa Marekani ambaye binti yake ana mtindio wa ubongo na ulemavu mzito wa akili, alidai katika kitabu chake Love's Labor cha mwaka 1999 kwamba nadharia za haki zinazoanzia kwa watu wazima walio huru na sawa, wanaoshirikiana kwa nipe nikupe, zinamsahau kila aliye tegemezi pamoja na anayemtunza. Mahali pa nipe nikupe aliweka kanuni aliyoiita doulia, kutokana na doula, mwanamke anayemhudumia mama aliyejifungua ili mama huyo aweze kumhudumia mtoto. Msomaji wa pwani hana haja ya kufundishwa kanuni hiyo. Mwanamke aliyejifungua hulelewa siku arobaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, hashiki ufagio, na mama yake au shangazi huhamia kwake. Hakuna anayemwambia kwamba Mungu amempa mtoto huyu kwa kuwa ataweza peke yake. Siku ya arobaini mikono ile hurudi makwao, kwa dhana kwamba mtoto ameianza safari ya kujitegemea, kwamba atakaa, atatambaa, atashika kijiko. Panapokuwa na mtindio mkali wa ubongo dhana hiyo haitimii, na sababu iliyowaleta walezi wale ingalipo siku ya 41 na mwaka wa 14. Mila inayo kanuni sahihi, na kasoro yake iko kwenye tarehe. Serikali nazo zimejaribu, kama Kenya inavyofanya kupitia mpango wa Inua Jamii, unaozipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zina faida yake, ila hazimgeuzi mtoto saa nane za usiku.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni dua ambayo baadhi ya wazazi hawa huiomba kwa siri, kwamba mtoto atangulie kufa, japo kwa siku moja. Anayeisikia huiona kama laana, na mwalimu wa dini huweza kumkumbusha mwombaji tawakuli, yaani kumtegemea Mungu baada ya kufanya linalowezekana. Hata hivyo, dua hiyo haisemi lolote juu ya thamani ya maisha ya mtoto. Mzazi ameitazama safu ya ndugu, majirani na waumini wenzake mmoja baada ya mwingine, akatafuta atakayekipokea kijiko, asimwone. Anayetaka kumkosoa kwa hilo analo jambo la kujibu kwanza, na jibu lake lazima liwe na jina la mtu ndani yake.

Sheria ya Kiislamu, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, inamhesabu anayemuuguza mgonjwa asiye na mtu mwingine kuwa na udhuru wa kutohudhuria sala ya jamaa, na inampa mama anayenyonyesha rukhsa, yaani ruhusa ya kisheria, ya kuahirisha saumu anapohofia madhara. Uchovu wa mlezi, basi, ulikwisha kuingizwa katika vitabu vya fikihi kama jambo linalobadilisha hukumu. Leo mama wengi hubaki nyumbani kwa sababu tofauti kabisa, kwamba mtoto hupiga kelele katikati ya ibada na vichwa hugeuka. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume alisema kwamba huingia katika sala akikusudia kuirefusha, kisha akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kujua jinsi kilio hicho kinavyomtesa mama yake. Hadithi haitaji kwamba mama aliambiwa amtoe mtoto nje.