Baraka Zilizokwama

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba iliyo ndani ya DVD ya kuchoma huoza, tena huoza kimyakimya kabatini, mwenyewe akidhani ipo.

Palikuwa na kijana mpiga video mjini Uvira, upande wa Mulongwe, aliyesifiwa kwa kazi yake. Mzee mmoja wa Kavimvira akamwita arekodi harusi ya binti yake. Kijana akarekodi kutwa nzima: kanisani, kando ya ziwa, ngoma za jioni, na mwisho kabisa mzee alipopokea kipaza sauti, akawainulia maharusi mkono na kuwabariki.

Kosa lilianzia sokoni. Palikuwa na DVD tupu za kwenye kasha, na nyingine za mafungu, zimefungwa nailoni tu, kwa nusu ya bei. Akachukua za nailoni. Usiku, akihofia umeme kukatika, akazichoma kwa mwendo mkubwa kuliko wote, asijaribu hata moja. Baadaye diski ya kompyuta yake ilipojaa, akaifuta harusi ile apate nafasi ya kazi nyingine.

Familia ikaitazama, ikafurahi, ikaiweka dirishani, mahali jua la mchana linapopiga. Miaka ikapita, mzee akafariki. Siku ya kuondoa matanga binti akasema, "Mama, tuwekee ile DVD tumsikie Papa." Kanisa likaonekana vizuri. Ngoma zikaanza kusitasita. Mzee aliposimama, uso wake ukakatika vipandevipande, mkono ukaganda hewani, sauti ikatoka, "Wanangu, mu...", kisha kioo kikawa cheusi. Wakaifuta kwa kitenge, wakaazima deki ya jirani. Ikakwama palepale. Kijana alipoulizwa, hakuwa na kitu cha kuwapa.

Kwa nini ikakatikia hapo? Filamu ya kiwandani hugongwa kwa muhuri, na alama zake ni vishimo ndani ya plastiki. DVD ya kuchoma ina utando wa rangi kati ya sahani mbili nyembamba za plastiki zilizogundishwa, na leza huibabua rangi hiyo ili kuacha alama. Rangi hafifu hufifia kwa jua na joto. Gundi mbaya huruhusu unyevu uingie ukale utando unaong'aa. Tena uandishi huanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo DVD ikijaa, mwisho wa sherehe hukaa ukingoni, mahali ambapo kwenye DVD mbovu rangi haikuenea sawasawa na vidole hushika kila siku. Baraka za mzee ziliangukia hapo.

Ninyi mnaorekodi harusi, kwaya na mazishi kutoka Kalundu hadi Kavimvira, nunueni DVD nzuri, wala msitosheke na jina lililo juu ya kasha: ndani ya DVD mna alama ya kiwanda kilichoitengeneza, na zipo programu za bure za kuisoma. Chomeni kwa mwendo wa 8 badala ya 16. Kompyuta iikague DVD baada ya kuichoma, kisha ijaribuni kwenye deki kuukuu, kwa maana ndiyo iliyoko kwa mteja. Msiibandike karatasi juu, kwani huifanya iyumbe inapozunguka. Na asifute mtu kazi ya mteja kabla mteja hajapata nakala mbili zinazocheza hadi mwisho.

Ninyi wenye familia, wekeni DVD penye giza na pakavu, mkiishika kwa kingo bila kugusa uso wake. Zaidi ya hayo, nakilini kwenye flashi na kwenye diski ya nje, na nakala moja ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba na kuchukua vilivyokuwamo. Nakala mbili ndani ya kabati moja huondoka pamoja.

DVD haitoi taarifa kabla ya kufa. Mwenye sauti ya mzazi wake humo aitoe wiki hii, aitazame mpaka mwisho, na ainakili ingali inacheza.